Hodi Isiyoitikiwa

Miaka kumi na sita, kila Alhamisi, saa mbili za usiku,
mimi na baba tumekaa kwenye kochi hili la kijani
ambalo mama alilichukia,
theluji ya Thunder Bay ikipanda hadi vizingiti vya madirisha,
na chombo Pelagia kikielea upande wa pili wa Zohali.

Sehemu ya kwanza kabisa
(nilikuwa na nywele ndefu na mchumba aitwaye Reijo)
kitu fulani kilibisha hodi ubavuni mwa chombo.
Nje, pasipo hewa.
Nje, pasipo mtu wa kubisha.
Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo.

Reijo akaenda Alberta kuchimba mafuta, akanogewa huko.
Mama akazikwa mwezi wa Februari; ardhi iliganda,
wakaiyeyusha kwanza kwa makaa.
Nikapandishwa cheo kwenye maghala ya ngano,
nikavunjika kifundo cha mguu, kikaunga vibaya.
Na katikati ya yote hayo tulingoja:
nani anabisha?

Baba, Aarne Kivelä, fundi bomba mstaafu,
alikuwa na daftari. Msimu wa nne aliandika:
"Ni chombo chenyewe, cha kesho, kinajirudia."
Msimu wa tisa akafuta, akaandika:
"Ni mabomba. Mabomba hubisha yakipoa."
Nilicheka hadi kahawa ikanitoka puani.
Nami nilikuwa na dhana yangu. Siisemi, bado inauma.

Jana ndiyo ikawa tamati.
Dakika tisini. Nilinunua samaki wa moshi, nikazima simu.
Ishirini za mwanzo, harusi
ya watu waliojuana msimu uliopita tu.
Kisha roboti mpishi akahutubia.
Kisha vita, katika giza ambalo sikuona nani alimpiga nani.
Kisha, zimebaki dakika tatu,
Kapteni Varro mbele ya mlango wa nje,
ngo, ngo, ngo,
akaufungua,
mweupe wa mwanga ukammwagikia usoni,
akatabasamu, akasema:
"Nilijua siku zote."

Majina ya waigizaji. Vinanda.

Alijua nini?
Alijua nini, wewe mwanamke? Sehemu mia tatu na arobaini!
Subira huvuta heri, husema;
hii yangu imevuta taa ya studio
na tabasamu la mtu aliyekwisha lipwa.
Hata mgeni wa ovyo, ukimwitikia karibu,
huingia, ukaiona sura yake, ukajuta.
Mimi sikupewa hata wa kujutia.
Nilirusha mto, ukaangusha maua ya plastiki.

Baba alikuwa anapiga makofi.

Sijasema bado: tangu barafu ya ziwa iyeyuke mwaka jana
baba anasahau.
Daftari lile anadhani ni la jirani.
Msimu wa kwanza umekwenda, wa tisa umekwenda,
mama huja na kuondoka.
Hakuwa na swali hata moja mfukoni.
Aliona mwanamke kafungua mlango na kufurahi,
basi naye akafurahi.
"Nzuri sana hiyo," akasema. "Inaendelea lini?"

"Alhamisi," nikasema.

Niliosha sahani kwa hasira, nikitunga barua
ya matusi yenye adabu kwa walioandika mambo yale.
Saa nane za usiku, ukutani, usawa wa kichwa changu:
ngo, ngo, ngo.

Nikabana pumzi.
Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri;
yaweza kuwa mabomba.

Ngo, ngo.

"Karibu," nikasema gizani, nikajiona mjinga,
na chumba cha pili nikamsikia akicheka peke yake,
cheko la chini, la mtu anayejua,
sijui nini.